Gari la mbio la kwendea kazini: lipi la kubadili, lipi la kuacha

Jijini Dar es Salaam, hasa jioni watu wanaporudi kutoka kazini, ni jambo la kawaida kusikia mngurumo wa motokaa unaomfanya mtembea kwa miguu ageuke kabla gari lenyewe halijaonekana. Mara nyingi gari hilo huwa ni Subaru Impreza ya aina ya WRX, iliyoagizwa Japani ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi, na mwenyewe aghalabu ni kijana wa mshahara, mwenye mke na pengine mtoto mmoja au wawili. Gari hilo hilo ndilo linalompeleka kazini, ndilo linalompeleka mtoto shule, ndilo linalokwenda sokoni Jumamosi, na ndilo linalofunga safari ya Moshi au Mbeya ifikapo Desemba. La pili hana.

Hata hivyo, mwisho wa mwezi unapofika, kijana huyu husimama mbele ya duka la spea akitazama ekzosi pana inayong'aa, rimu kubwa za inchi 18, chujio la hewa la rangi nyekundu na springi za kulishusha gari. Pembeni yuko rafiki anayemwambia kwamba bila vitu hivyo gari lake halijawa gari. Fedha iliyomo mfukoni ni moja: ama inunue mojawapo ya vitu hivyo, ama inunue matairi ambayo fundi amekuwa akiyalalamikia tangu mvua za masika.

Makala hii inamhusu kijana huyo, na inawahusu pia wale wanaoketi naye ndani ya gari. Haikusudii kumkataza mtu kulipenda gari lake. Mapenzi ya motokaa ni mapenzi halali kama yalivyo mapenzi ya mpira au ya muziki wa dansi. Inachokusudia ni kuuliza, kwa gari lisilo na kazi ya mashindano bali kazi ya kwenda na kurudi kila siku, ni mabadiliko gani yanayolipa gharama yake, na ni yapi yanayomla mwenye gari polepole.

SIFA ILIKOTOKA

Impreza ilianza kuuzwa Japani mwaka 1992. Lakini sifa yake katika Afrika Mashariki haikuletwa na matangazo ya biashara. Ililetwa na vumbi la Safari Rally. Mashindano hayo, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa yamekwisha kuwa sehemu ya maisha ya watu wa nchi hizi. Mwaka 1997 Colin McRae wa Uskochi alishinda Safari akiwa na Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns wa Uingereza akashinda akiwa na gari la aina hiyo hiyo. Safari iliondolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002 na kurejeshwa mwaka 2021, lakini mapenzi ya Subaru hayakungoja kurejeshwa huko. Yalikuwa yamekwisha kuota mizizi.

Kuna jambo moja ambalo wapenzi wengi wa magari hayo hulisahau. Magari ya Safari hayakuwa yameshushwa chini. Yaliinuliwa. Mafundi wa timu kubwa waliyapa shokapu ndefu na springi zenye nafasi ya kutosha kumeza mashimo, wakaimarisha mabati ya chini ili mawe yasipasue tangi la oili, na wakapandisha bomba la kuvutia hewa hadi usawa wa paa ili injini isimeze maji ya mito. Kwa maneno mengine, wataalamu waliokuwa na fedha nyingi kuliko sote walipoitazama barabara ya Afrika Mashariki waliamua kwamba kasi haina faida kwa gari lisilofika. Kijana anayekata springi zake ili gari likaribie lami, kisha akabandika ubavuni rangi za timu ya Safari, amechukua rangi na kuliacha somo.

NGUVU ILIYOPO HAITUMIKI YOTE

WRX ya kizazi cha pili, iliyoanza kutoka mwaka 2000, iliuzwa Japani ikiwa na nguvu za farasi 250 kutoka injini ya lita 2 yenye tabo. Ndugu yake, STI, ilitajwa kuwa na 280. Yafaa ieleweke kwamba tarakimu hiyo ya 280 ilikuwa ukomo ambao watengenezaji wa Japani walikubaliana wenyewe kwa wenyewe wasiupite, mapatano yaliyodumu hadi mwaka 2004. Magari hayo yalifungwa pia kifaa cha kuyazuia yasipite kilomita 180 kwa saa.

Sasa tupige hesabu ndogo. Gari la ukubwa huo, likienda kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa katika barabara tambarare, linahitaji chini ya nguvu 20 za farasi kuushinda upepo na msuguano wa matairi. Katika makazi ya watu, sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa. Hapo hata 10 ni nyingi. Nguvu zote zinazobaki ni akiba ya kuongezea mwendo: kulipita lori, kupanda mlima, kuingia barabara kuu. Akiba hiyo ni tamu, na ndiyo sababu watu hununua magari haya. Lakini mtu mwenye akiba ya nguvu zaidi ya 200 asiyopata nafasi ya kuitumia, kisha akauza kitanda ili aongeze 40 nyingine, amekinunulia kiu ambacho hakipo maji aliyo nayo mtungini.

Wakaaji wa nyanda za juu watasema kwamba injini huko hukosa pumzi. Ni kweli kwa injini ya kawaida, ambayo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Lakini kazi ya tabo ni kusukuma hewa kwa nguvu, na kwa hiyo gari la tabo huathirika kidogo zaidi. Mtu wa Mbeya au Arusha mwenye WRX tayari anacho kile ambacho jirani yake mwenye gari la kawaida anakitafuta.

KWANZA LIRUDI LILIVYOKUWA

Zile nguvu 250 zilikuwapo siku gari lilipotoka kiwandani. Je, miaka 20 baadaye bado zipo? Aghalabu hazipo. Mipira inayopeleka hewa kutoka kwenye tabo hadi kwenye injini imepasuka nyufa ndogo zisizoonekana, na hewa iliyokwisha kusukumwa inavujia nje. Plagi zimechakaa. Sensa ya kupima hewa imejaa uchafu. Pampu ya petroli imechoka. Chujio limeziba kwa vumbi la Pugu. Mwenye gari huhisi uzito huo, akadhani gari linahitaji nguvu mpya, kumbe linazidai zile zake za zamani.

Kwa hiyo badiliko la kwanza lenye thamani ni kulirudisha gari katika hali yake. Badiliko hili halina sifa mtaani. Hakuna rafiki atakayekusifu kwa kubadilisha mpira wa hewa. Lakini hakuna shilingi inayoleta nguvu nyingi kuliko hii, na nguvu hizo ni zile ambazo injini iliundwa izibebe.

Hapa pana mambo mawili ambayo sharti yatangulie kila kitu kingine. La kwanza ni mkanda wa taimingi. Katika injini hizi mkanda huo hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi, na ukikatika, vali na pistoni hukutana uso kwa uso, na injini ikafa papo hapo. Mtu aliyenunua gari la mtumba bila kujua mkanda ulibadilishwa lini hana haki ya kuzungumza habari za ekzosi. Kwanza abadilishe mkanda, pamoja na pampu ya maji inayozungushwa na mkanda huo huo.

La pili ni upozaji wa injini, na hapa lazima tuwaseme baadhi ya mafundi wetu. Ipo desturi ya zamani ya kuitoa themostati na kuitupa, kwa madai kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Ipo desturi nyingine ya kujaza radieta maji ya bombani badala ya kulenti. Desturi zote mbili ni mbaya. Themostati ipo ili injini ipate joto lake sahihi upesi na kulishika. Bila hiyo injini huzunguka ikiwa baridi mno, kompyuta yake hudhani ndiyo kwanza imewashwa, na petroli humiminwa kupita kiasi. Mwenye gari hulalamika kwamba Subaru inakunywa mafuta, na kumbe kinywa kimefunguliwa gereji. Maji matupu nayo hula vyuma kwa kutu, huziba vijia vyembamba vya radieta, na huchemka mapema kuliko kulenti. Injini hizi zina sifa mbaya ya kuunguza gasketi za silinda. Asiyezipoza vyema asishangae.

Oili ya injini ya tabo ibadilishwe mapema, kila kilomita 5,000, na kipimo chake kitazamwe kila juma. Tabo huzunguka kwa kasi kubwa mno, ikiogelea katika oili hiyo hiyo. Ukitoka safari ndefu ya mwendo mkali, iache injini izunguke taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuizima. Hilo halina gharama.

MATAIRI NI KILA KITU

Gari zima, pamoja na familia iliyomo, linaigusa barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja cha mkono. Nguvu zote za injini hupitia hapo. Breki zote hupitia hapo. Kona zote hupitia hapo. Ni ajabu basi kwamba kitu hicho ndicho cha mwisho kununuliwa, na wengi wakishanunua hununua kilichokwisha kutumika.

Tuchukue mfano wa hesabu. Magari mawili yanayofanana yanakwenda sambamba kwa kilomita 80 kwa saa. Moja lina matairi mazuri yenye mshiko wa sehemu 8 katika 10. La pili lina matairi makuukuu yenye mshiko wa sehemu 6. Mtoto anakatiza barabara na madereva wote wawili wanakanyaga breki kwa wakati mmoja. La kwanza litasimama baada ya mita 32 hivi. La pili litahitaji mita 42. Mita 10 zinaweza kuonekana si nyingi kwa kusema, lakini pale mahali ambapo gari la kwanza limekwisha kusimama kabisa, gari la pili bado linakwenda kilomita 40 kwa saa. Hakuna ekzosi wala kompyuta inayoweza kununua tofauti kama hiyo.

Mnunuzi wa matairi na atazame ubavuni. Baada ya herufi DOT kuna tarakimu, na zile nne za mwisho ndizo tarehe ya kuzaliwa: 3519 maana yake tairi limetengenezwa juma la 35 la mwaka 2019. Mpira hukauka kwa umri hata kama haujatembea, na jua letu huuharakisha. Hali kadhalika, magari mengi yanayotoka sehemu za Japani zenye theluji hufika bandarini yakiwa na matairi ya majira ya baridi, ambayo yameandikwa ubavuni neno STUDLESS. Mpira wa matairi hayo ni laini kwa makusudi ili ushike barafu. Katika lami ya moto ya Dar es Salaam hulika upesi, huyumba katika kona, na gari huchelewa kusimama. Wapo watu wanaoyafurahia kwa kuwa yana manyoya marefu na yanaonekana mapya. Na wayaondoe.

Kuhusu rimu kubwa, tazama tarakimu. Tairi la 205/55R16 lina ukuta wa mpira wenye kimo cha milimita 113 hivi kati ya rimu na barabara. Tairi la 225/40R18, ambalo kwa jumla lina urefu karibu sawa, lina ukuta wa milimita 90. Ule upungufu wa milimita 23 ndio uliokuwa ukimeza shimo. Sasa shimo linamezwa na rimu, na rimu haina tumbo. Rimu kubwa za bei nafuu ni nzito pia, na uzito unaozunguka huichosha injini na shokapu. Inchi 16 au 17 zenye tairi bora zitaliendesha gari vizuri kuliko inchi 18 zenye tairi la kubahatisha, ijapokuwa hazitapigwa picha nyingi.

BREKI, NA MLIMA KITONGA

Watu wengi hudhani breki kubwa zinafupisha umbali wa kusimama. Kwa mkanyago mmoja wa ghafla, si hivyo. Breki nzima za kiwandani zina nguvu ya kutosha kuifunga gurudumu. Kinachoshindwa hapo ni tairi. Ubora wa breki huonekana zinapotumika mara nyingi mfululizo, yaani wakati wa joto.

Anayerudi kutoka Mbeya huuteremka mlima Kitonga mkoani Iringa, na hapo ndipo mtihani ulipo. Nguvu ya mwendo haiongezeki sawasawa na mwendo. Anayetoka kilomita 80 kwenda 100 kwa saa amezidisha mzigo wa breki zake kwa zaidi ya nusu. Mzigo huo wote hugeuka joto katika diski na pedi. Joto likifika katika oili ya breki, na oili hiyo ikiwa imezeeka, huchemka, na mvuke wake hubonyea kama sifongo. Pedali huzama hadi sakafuni na gari haliitiki.

Oili ya breki hunywa unyevu kutoka hewani, tena katika pwani kama yetu hainywi kidogo. Ile ya DOT 4 ikiwa mpya huanza kuchemka kwenye nyuzi 230 za Selsiasi au zaidi. Ikishakunywa maji, yaweza kuteremka hadi 155. Kuibadilisha kila miaka miwili ni kazi ya asubuhi moja na chupa moja au mbili. Pedi nzuri zenye kuvumilia joto, diski zisizo na mawimbi, na mipira ya breki isiyovimba, hayo ndiyo mabadiliko ya kweli. Lakini mtu asinunue pedi za mashindano. Hizo hazishiki mpaka zipate moto, na asubuhi ya kwanza unapotoka getini hazijapata moto wowote. Na katika mteremko, gia iliyo chini ndiyo breki ya kwanza, nayo ni ya bure.

CHINI YA GARI

Shokapu za miaka 20 zimekufa hata kama hazivuji. Bushi za mikono zimelegea. Mwenye gari amezoea kuyumba polepole, siku hadi siku, hata akasahau gari lilivyokuwa. Akifunga shokapu mpya za kiwango cha kiwandani au zilizo ngumu kidogo, pamoja na bushi mpya, kisha akaenda kupima alaimenti, atashuka garini akidhani amebadilishiwa gari. Hili ni badiliko la pili kwa utamu baada ya matairi, na linaonjwa katika kila kona na kila tuta, si katika siku moja ya mwaka. Anayetaka zaidi na aongeze fimbo nene ya kuzuia gari kulala katika kona. Bei yake si kubwa na haiwaumizi abiria.

Kukata springi ni jambo jingine kabisa. Springi iliyokatwa kwa msumeno wa gereji hukaa vibaya katika kikalio chake, huifanya shokapu igonge mwisho wake, na yaweza kuchomoka gari linaporuka. Hata springi fupi za kununua, zilizo halali, zina adhabu yake kwetu. Barabara zetu zina matuta, na matuta yetu hayakujengwa kwa kipimo kimoja. Gari lililoshushwa hupanda tuta kwa kulala upande, kama mtu anayebisha hodi kwa bega, huku ekzosi ikikwaruza na foleni nyuma ikipiga honi. Mama mjamzito anayeketi humo hahitaji kuelezwa zaidi.

HEWA, SAUTI NA KOMPYUTA

Tunakuja sasa katika yale ambayo vijana wengi huanza nayo. Chujio la hewa la wazi, lile lenye umbo la koni, huongeza sauti ya kuvuta hewa, na sauti hiyo hulewesha. Lakini likifungwa bila kasha, huvuta hewa ya moto ya chumba cha injini, na hewa ya moto ina pumzi chache. Baadhi yake hupakwa mafuta, ambayo yakizidi hushika katika sensa ya hewa na kuipotosha kompyuta. Na mengine hupitisha vumbi. Kasha la kiwandani lenye chujio safi si adui wa nguvu katika gari ambalo halijabadilishwa mengine.

Ekzosi ni suala la haki kidogo zaidi. Katika injini yenye tabo, bomba pana huongeza nguvu kweli, tofauti na injini ya kawaida ambako faida ni ndogo. Lakini bomba likipanuka, tabo huzunguka upesi na kusukuma hewa zaidi, na kama hakuna aliyeirekebisha kompyuta, kiasi cha petroli chaweza kisitoshe hewa hiyo. Injini inayokosa petroli chini ya mzigo huungua. Kwa hiyo ekzosi si badiliko moja. Ni mlango wa mabadiliko mengine, na anayeufungua na ajue bei ya nyumba nzima. Kuondoa kichungi cha moshi ni kuwapumulia watu wa kituo cha daladala sumu ambayo gari lilikuwa limeizuia. Kuhusu kelele, mwenye gari anayetoka saa 11 alfajiri anaishi katika mtaa wenye wagonjwa na watoto wachanga, na majirani hawakuchanga kununua bomba hilo.

Imebaki kompyuta, yaani kuibadilishia injini hesabu zake za petroli, moto na msukumo wa tabo. Hili ndilo badiliko linaloleta nguvu nyingi kwa fedha kidogo, na ndilo linaloua injini nyingi. Sababu yake ni petroli. Magari haya yalipangwa kunywa petroli ya daraja la juu ya Japani, inayouzwa huko kwa kiwango cha oktani 100. Petroli ya vituo vyetu haifikii hapo. Petroli ya oktani ndogo ikibanwa sana hulipuka yenyewe kabla ya wakati wake, na mlipuko huo huzipiga pistoni kama nyundo. Injini ina sikio la kusikia mgongo huo, na kompyuta hurudisha moto nyuma ili kujiokoa. Maana yake ni kwamba gari lako la 250 huenda tayari limejipunguzia nguvu ili liishi.

Mtu anayekuja na kompyuta ndogo mkononi na kukuahidi nguvu 50 zaidi kwa nusu saa, bila kupima mchanganyiko wa petroli na hewa, bila kuusikiliza mgongo, bila kuuliza unajaza mafuta wapi, anauza ule ukingo wa mwisho uliokuwa umebaki kati ya pistoni zako na kifo. Hata akipatia, nguvu hizo zitapita katika klachi ya zamani, kisha katika giaboksi ya gia tano ambayo wapenzi wa WRX wanajua vyema kwamba si jiwe. Klachi itaanza kuteleza. Ukiweka klachi ngumu, mguu utachoka katika foleni ya Buguruni, na giaboksi itakuwa ya pili kulalamika.

Hata hivyo, si haki kulilaani badiliko hili lote. Fundi mwenye vipimo anaweza kuipanga kompyuta kwa ajili ya petroli inayopatikana hapa, akitafuta usalama na utulivu wa injini kwanza na nguvu baadaye. Gari la namna hiyo huweza kuwa jepesi mguuni na hata kupunguza ulaji wa mafuta. Kazi hiyo ina thamani. Tatizo ni kwamba wateja wengi hawaiombi; wanaomba tarakimu ya kuwasimulia wenzao.

KARATASI NA BOKSI LA STOO

Jambo ambalo halizungumzwi gereji ni bima. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa mwenye gari. Aliyekatia bima kubwa gari la kiwandani, kisha akaligeuza injini na kompyuta bila kutoa taarifa, amempa mwenye bima sababu ya kukataa kumlipa siku ya ajali. Barua moja ya kueleza kilichobadilishwa, na jibu lake likahifadhiwa, ni kinga ya bei ndogo. Na mikanda ya mashindano yenye ncha nne isifungwe katika gari la familia. Mikanda hiyo iliundwa ifanye kazi pamoja na kiti na fremu ya chuma ya gari la mashindano. Mkanda wa kiwandani, ukiwa mzima na ukifungwa na kila mmoja hata wa nyuma, unatosha, na mtoto mdogo awe na kiti chake.

Mwisho, kila kinachofunguliwa kisiachwe gereji. Ekzosi ya kiwandani, kasha la chujio, springi, rimu za inchi 16 na kadhalika vifungwe katika boksi na kuwekwa stoo. WRX ambazo hazijaguswa zinazidi kuadimika kila mwaka, na mnunuzi mwenye akili, kabla hajafungua mfuniko wa injini, huuliza kwanza kama vifaa vya asili vipo.